Hotuba Iliyokomesha Saratani Maganzo

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba saratani imekoma Maganzo. Imekoma Jumatatu, kwa azimio la kikao. Asiyeamini aje aniulize mimi, Msimamizi Mkuu wa Waya.

Cheo hicho nilipewa kwa sababu nikisimama na kwaya mbele za watu, sauti inanikimbia. Mwalimu akaona nikae na spika, hazinitazami.

Ijumaa Mheshimiwa Valerian, mwenyekiti wa kamati, alikuja kuzindua maabara. Humo kuna kabati la joto, ambamo Daktari Violeth amepanda seli za uvimbe kwenye visahani. Vingine kavitia dawa, vingine kaviacha, aone kama dawa inazizuia zisikue.

Soketi ilikuwa moja.

"Wewe binti, chomoa hilo kabati, chomeka spika," afisa wake akaniambia.

Nilipinga vikali sana. Moyoni.

Hotuba ilikwenda mpaka jua likazama. Nikakunja waya zangu vizuri, nikaenda nyumbani. Kuhusu kulirudishia kabati umeme, sikuwa na maelekezo.

Jumatatu seli zote zilikutwa zimekufa.

"Ni baridi!" Daktari Violeth alisema, karibu alie. "Hata zisizo na dawa zimekufa!"

"Mmemsikia," Mheshimiwa akasema. "Hata zisizo na dawa. Kwa hiyo siyo dawa. Sasa Ijumaa kulikuwa na nini kingine?"

Kamati ikafikiri.

"Hotuba," ikasema.

Makofi! Na mimi nikapiga, nisije nikaonekana. Papo hapo wakaazimia gari la kesho la kupeleka wagonjwa Mwanza lisiende, mafuta yake yawekwe kwenye jenereta la spika.

Shangazi Limi alikuwa aende na gari hilo, akatolewe uvimbe wa titi. Nilipomwambia, alijifunga kanga, akaja mpaka kikaoni.

"Karibu, mayu, mama yetu," Mheshimiwa akamwambia. "Umepona."

"Nimesikia, baba, wabeja, asante. Na huo uvimbe wa shingoni kwako?"

Mheshimiwa akavuta kola juu.

"Maana sisi tulikaa mbali, kwenye maturubai. Wewe maiki ilikuwa mdomoni kabisa."

Mheshimiwa akajipapasa shingo, akanigeukia mimi, mtaalamu.

"Binti, lile kabati mlilichomoa?"

"Shikamoo," nikasema. "Ndiyo. Tangu Ijumaa."

"Gari liende!"

Asubuhi tulimkuta Mheshimiwa keshakaa siti ya mbele. Shangazi akapanda nyuma yake, akamgusa bega.

"Baba, njiani tafadhali usihutubie. Tusije tukapona, dereva akageuza."