Msafara, Mbwa Wetu (Hasa Wangu)

Jumatatu, 2 Juni 2025

Msafara amepelekwa kituo cha kuokoa wanyama! Anaishi kwa rafiki yangu Kulwa, na mama yake Kulwa amechoka kuliwa mayai. Hakuniuliza, na mbwa ni wangu. Sawa, ni wetu. Mimi na Kulwa tulimwokota pamoja stesheni, mdogo kama kiatu. Nilimwamkia Bi Hafsa wa kituoni. Aliitikia marahaba, kisha akasema hampi mtu mmoja mbwa wa watu wawili. Tupatane kabla ya Ijumaa, la sivyo anakwenda kuchunga ng'ombe Igunga. Igunga!

Jumanne, 3 Juni

Kulwa hataki kusikia. Eti alishaye ndiye mwenye mbwa. Nikamwambia aliyempa jina ndiye mama. Akacheka, akasema basi nikamnyonyeshe.

Nimekaa dirishani jioni nzima. Nikaiona akilini njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, kengele zinalia, vumbi la dhahabu linapanda polepole. Mbele kabisa, mimi na mbwa wangu. Kulwa nyuma sana, kabeba vyungu.

Jumatano, 4 Juni

Mpango! Bi Hafsa amekubali mbwa achague mwenyewe kesho. Kulwa naye amekubali, huku akibenua mdomo. Baba ni mrina asali, na jana amerudi na ndoo nzima kutoka misitu ya Usinge. Nitajipaka mikononi. Nani anaikataa asali ya Tabora?

Alhamisi, 5 Juni

Nilijipaka hadi viwikoni. Msafara akaachiwa. Akanijia mbio, masikio yanapepea, moyo wangu mwepesi kama pamba. Karibu anifikie, akanusa. Akalia kama mtoto! Akageuka, akajificha nyuma ya sketi ya Kulwa.

Nilisahau kabisa. Baba humchukua kwenda naye mizingani kila msimu. Kwa Msafara, harufu ya asali maana yake nyuki wanakuja. Kulwa akasema, shoga, unanukia msiba. Halafu nyuki wakaja kweli. Bi Hafsa alinifungia jikoni.

Ijumaa, 6 Juni

Kulwa amekuja alfajiri, macho mekundu. Msafara amemchagua yeye, lakini mama yake ameapa mbwa harudi pale. Yeye ana mbwa, mimi nina ua wa kumweka. Tukaenda kwa Bi Hafsa kabla watu wa Igunga hawajafika. Tumekubaliana: Msafara alale kwetu, Kulwa aje kumlisha, asiwepo mwenye haki zaidi. Tukarudi naye katikati yetu. Barabara nzima ilikuwa kama inaelea.

Jumamosi, 7 Juni

Leo mimi ni mtu mpya. Kugombania kitu cha pamoja ni utoto, na nimemwambia Kulwa hivyo. Amekubali. Mchana jirani yetu Mama Advera ametupa kifaranga wa bata. Wetu sote, tumeapa.

Lakini mimi ndiye niliyemwona kwanza. Kesho, kabla Kulwa hajaamka, nitamfundisha kunifuata mimi tu.