Mshenga Aliyekwenda Bombambili kwa Miguu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima wa watu. Nawaandikia nikiwa bado kwao, nimefungwa kitenge kiunoni, suruali yangu iko kwenye kamba inakauka.

Iko hivi. Mpwa wangu Bosco anataka kumuoa Agnes wa Bombambili. Posa ya kwanza ilirudishwa, maana mshenga alifika amelewa. Safari hii dada yangu akanikabidhi barua mimi. Akaniambia, "Kaka, wakiikataa na hii, basi tena. Hawatatufungulia mlango mara ya tatu."

Asubuhi nikavaa koti. Dada alikuwa ameshaniitia bodaboda. Nikamrudisha! Nimezurura nchi hii miaka ishirini, Tunduru, Makambako, Mbeya, na kila nilikolala nilikuwa naikumbuka njia ya mashambani, kutoka kwetu Mshangano hadi Bombambili. Tulipokuwa sekondari tulikuwa tunatoka Peramiho hadi mjini kwa miguu, viatu mkononi, tunaimba. (Sasa nina miaka arobaini na sita. Magoti yanajua. Mimi ndiye sijapata taarifa.)

Njia haipo. Palipokuwa na mahindi pana ukuta, na nyuma ya ukuta pana mbwa. Nikatokea barabara kuu. Huko nako mtembea kwa miguu hakufikiriwa. Pembeni kuna rundo la mchanga wa mtu anayejenga, kuna pikipiki zimeegeshwa, halafu kuna mtaro. Likaja lori la makaa ya mawe, linapiga honi kama lina kesi na mimi. Nikaruka mtaroni. Tope hadi magotini! Ila barua nilikuwa nimeinyanyua juu.

Bodaboda mmoja, mtu wa rika langu, akasimama, akanivuta kutoka mle.

"Kaka, umegongwa?"

"Hapana."

"Umeibiwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona unatembea?"

(Swali hilo! Kama vile miguu ni ugonjwa.) Nikamwambia naenda kwa Baba Agnes, nina ujumbe.

"Ujumbe gani?"

Posa haitangazwi barabarani, kila mshenga anajua hilo. Nikajibu kwa sauti ya chini, "Mambo ya familia, ndugu yangu. Nitausema nikifika."

Akavua kofia yake ngumu. "Pole sana, kaka." Akataka kunipakia bure, nikakataa. Nilidhani ananipa pole ya tope. Akaondoka kwa kasi, kuelekea huko huko Bombambili.

Nimefika baada ya nusu saa, nachechemea. Uani mikeka imetandikwa. Wanawake wamejitanda kanga, wanalia. Sufuria kubwa iko jikoni. Nikasema moyoni, nimekuja siku mbaya, kuna msiba.

Baba Agnes akanishika mabega, macho mekundu. "Bodaboda ametuambia kuna mtu anakuja kwa miguu, amevaa koti, hataki kusema kitu. Tumeelewa. Niambie tu. Mama yangu ameondoka saa ngapi?"

Hapo ndipo nikajua. Bibi yake Agnes amelazwa hospitali Peramiho tangu wiki iliyopita, na simu ya anayemuuguza ilikuwa haipokelewi. Msiba ulikuwa mimi!

Nikampa barua. Akaifungua, akaisoma kwa sauti mbele ya wote: "Tumepita kwenye bustani yenu, tukaona ua zuri..."

Akanitazama. Akaitazama suruali yangu.

"Hii ni posa?"

"Ndiyo, baba." (Nilitamani lile lori lirudi.)

"Mama hajafa?"

"Mimi hata simjui, baba!"

Shangazi yake Agnes, mama mnene aliyekuwa analia kuliko wote, ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akalala kwenye mkeka. Katikati ya kicheko simu ikaita kutoka Peramiho: bibi amekunywa uji, anauliza kwa nini simu imepigwa mara thelathini. Baba Agnes akakaa chini, akalia tena, kilio kingine kabisa. Kisha akaniambia, "Asubuhi hii nilimzika mama yangu. Wewe umemrudisha. Nikurudishie barua kwa mdomo gani?"

Wameipokea! Mama Agnes amefua suruali yangu kwa mikono yake. Wali wa msibani tumeula kwa furaha, na yule bodaboda ameitwa akapakuliwa sahani ya kwanza. Namshukuru Mungu, nawashukuru watu hawa, sijui nianzie wapi.

Shangazi amenionya, "Siku ya mahari upande gari, baba. Humu ndani tuna wagonjwa wa presha."

Kutembea sitaacha. Ila mkinikuta barabarani nimevaa koti, nawaomba, nisalimieni tu mpite. Hakuna aliyekufa.