Mapumziko ya Uani, Nkome

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika Nkome. Chumba cha uani nimekikodi mwenyewe kwa simu, bila ushauri wa mtu. Dirisha linatazama ziwa kama nilivyoahidiwa. Kati ya dirisha na ziwa wameanika dagaa. Sawa! Sikuja kunusa. Tangu Machi, tulipomzika binti yetu Violeth, mke wangu Scolastika haniambii zaidi ya "chakula tayari." Mkakati: wiki nzima, watu wawili, chumba kimoja. Atakosa pa kukimbilia. Ataongea tu.

Jioni. Balaa! Mwenye nyumba katoka kutusalimia. Scolastika kapiga ukelele, wakakumbatiana, wakalia. Ni mama yake mdogo, aliyehamia huku zamani, hata harusini hakuwapo. Yaani nimekodi chumba kwa mkwe! Msukuma mzima, nisiyepaswa hata kutazamana na mkwe, nimelipia kulala ua mmoja na mama mkwe! Nimeruka nyuma ya simtanki la maji, nikatoa shikamoo kutokea huko. Kaitikia marahaba akiwa amegeukia ukuta.

Jumanne, 9 Julai

Njia ya chooni inapita barazani kwake. Huwezi kumpita mkwe huku umebeba kopo. Nimengoja aende sokoni. Haendi sokoni! Mama gani huyu?

Nimemweleza mumewe, Mzee Cornel, kwamba mkwe ni yule aliyemzaa mke, basi. Haya ya mama wadogo ni nyongeza ambazo hakuna aliyezipigia kura. Nimemchambulia kwa kirefu. Mzee akasema, "Baba Violeth, hoja yako nzuri sana. Sasa mbona unaitolea nyuma ya simtanki?"

Scolastika yuko nyumba kubwa tangu asubuhi, eti wanachambua mchele tuliokuja nao kutoka kwetu Kagongwa. Mchele ule hauna hata jiwe moja. Nasikia sauti yake. Anaongea! Maneno siyapati.

Jumatano, 10 Julai

Nimeugua homa. Homa ya mkakati. Nimejifunika blanketi na kukohoa kuelekea nyumba kubwa, maana mke hawezi kumwacha mgonjwa.

Kaja mkwe. Kanga imemfunika uso, anatembea kinyumenyume. Kaweka kibuyu cha uji juu ya kigoda nje ya mlango, akauambia ukuta kwamba mgonjwa anywe ungali moto. Nimekunywa. Machozi yamenitoka kidogo. Ndimu ilizidi.

Alhamisi, 11 Julai

Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa jiko lao. Mchana huu nimesikia jina la Violeth. Tangu msiba mke wangu hajalitamka mbele yangu. Alikuwa akimsimulia mama yake mdogo jinsi mtoto alivyoogopa kuku hadi darasa la tano, akipita uani na mfuniko wa sufuria kama ngao. Wakacheka. Nami nikacheka, mkono mdomoni. Kisha akaeleza ugonjwa ulivyoanza, mwezi wa kwanza, kikohozi.

Mwezi wa pili! Nilikuwepo! Nikagonga ukuta na kusahihisha.

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Halafu Scolastika akasema, polepole, akiuelekea ukuta, "Mihayo. Makaburini ulibishana na katekista mpaka jeneza la mwanangu likakaa juani. Ukashinda. Na leo umeshinda. Mimi nabaki kwa mama."

Ameniita Mihayo. Miaka yote mimi ni Baba Violeth.

Hata hivyo, tangu Machi hajawahi kuniambia maneno mengi kiasi hicho. Mkakati ulikuwa umeanza kufanya kazi.

Jumamosi, 13 Julai

Kagongwa. Niko peke yangu. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikaula wote ili usinitazame.

Nimetafakari safari nzima bila upendeleo. Kosa ni la ukuta. Mtu hawezi kueleweka kupitia matofali. Nimempigia Mzee Cornel. Kasema Scolastika yuko hapo hapo jikoni, ila hataki simu. Nikamwomba aiweke kwenye spika, juu ya meza, aondoke. Nikaanza na katekista, kwa sababu pale makaburini, kwa kweli, yeye ndiye aliyekosea utaratibu. Nikaeleza kwa utulivu. Nilisikia maji yakimiminwa, kisha mlango. Nikaendelea. Salio likaisha kabla sijafika mwezi wa pili.

Nimetoka kununua vocha kubwa zaidi.