Macho Manane Juu ya Mnara

Jumatano, 7 Agosti

Tumefika. Watu wanne, mabegi sita, kigari cha mtoto, na kiatu kimoja cha Kengele, mwanangu wa mwisho. Cha pili kimebaki kwenye treni, kinaendelea na safari.

Niandike masharti kabla sijayasahau, maana wifi yangu hasahau. Yeye alikuja mji huu mwaka jana akarudi na picha mia mbili, na tangu siku hiyo hakuna maongezi ya familia yasiyopitia mnarani. Wiki iliyopita, mbele ya mama mkwe, akasema mimi na vitoto vyangu hivi tutakachoona mjini ni dari ya hoteli. Nikamjibu kwamba siku nne zinanitosha kuona vyote alivyoviona yeye. Akasema basi tuwekeane dau. Mama mkwe akaweka chini kisu cha vitunguu, akawa shahidi.

Sehemu ni nne: makumbusho, nyumba ya samaki, daraja refu na juu ya mnara. Kila mahali picha moja, sisi wanne, macho yote manane wazi, kwa sababu wifi anasema aliyelala hajaona kitu. Mwisho ni Jumapili, treni ya saa saba mchana. Nikishinda, Desemba anachukua wanangu wiki nzima nami nalala. Nikishindwa, nachukua wa kwake mwezi mzima. Wa kwake ni wavulana wanne. Mtaani wanaitwa Kikosi.

Sijapata usingizi wa maana tangu mwanangu wa kwanza, Mkaguzi, azaliwe, na Mkaguzi ana miaka minne na nusu. Mdogo wake, Kengele, ana miezi kumi na hulia kila baada ya saa mbili, wala hakosei.

Hoteli nimeichagua mwenyewe, kwa kuangalia picha. Bwawa la buluu, viti vyeupe pembeni. Bwawa lipo kweli. Ni la hoteli ya jirani. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba ile picha haikuandikwa "bwawa letu", iliandikwa "mandhari". Kuliangalia ruksa, hata dirisha linafunguka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nimekifuata kibaya kwa treni ya saa tisa nzima.

Chumba kiko ghorofa ya tisa. Lifti mbovu. Baba Watoto ni fundi lifti, na hii ndiyo likizo yake ya kwanza tangu anioe. Akasimama mbele ya ule mlango kama mtu aliyekutana na ndugu yake mgonjwa barabarani. Nikamkumbusha: likizo. Akasema ndiyo, likizo. Tukapanda ngazi. Tulipofika juu akasema anashuka mara moja kufuata maji ya kunywa.

Alhamisi, 8 Agosti

Maji yalikuja baada ya saa mbili, pamoja na grisi hadi kwenye viwiko. Lifti inatembea. Anasema kilikuwa kitu kidogo tu, mlango haukuwa unafunga vizuri, na lifti yenye adabu haiondoki mlango ukiwa wazi. Kumbe sanduku la vifaa alilificha chini ya nepi. Nami nilikuwa najiuliza kwa nini begi la mtoto lina uzito wa mtu mzima.

Asubuhi meneja akaja mwenyewe kubisha. Lifti ilikuwa imekufa wiki tatu, wageni wanaandika malalamiko, fundi wake hapatikani. Akatuhamishia chumba cha kona: vyumba viwili, na katikati mlango. Mlango kati yangu na watoto. Niliushika kitasa nikakaa nacho kidogo.

Baada ya chakula cha mchana nikawalaza upande wa pili, nikafunga, nikajinyoosha kitandani peke yangu. Kimya. Kimya kile kikaanza kuniwasha. Nikaenda kuangalia kama wanapumua. Wanapumua. Nikarudi, nikaenda tena. Safari ya sita nikawabeba wote nikawaleta kwangu, mguu wa Mkaguzi ukaniingia shingoni, nikaona sasa mambo yako sawa. Hapohapo Kengele akalia. Saa mbili zimetimia.

Jioni makumbusho. Nimegundua jambo: Kengele halali kitandani lakini treni ya mjini inamlaza, mradi inatembea. Ikisimama kituoni anafungua jicho moja. Tulipanda ile inayozunguka mji, laini ya kijani. Nikaogopa kumwamsha, tukazunguka mara mbili na nusu. Nimeuona mji wote kwa upande wa mgongoni: nguo zilizoanikwa, madirisha ya jikoni, mzee anapiga mswaki kwenye roshani. Mara ya pili alikuwa bado anapiga mswaki.

Makumbusho tulifika zimebaki dakika kumi wafunge. Picha tumepiga. Wifi alipopiga simu nikamtumia. Akaikuza, akaikuza tena. Akasema Kengele amelala. Nikasema anatafakari. Akasema macho anayoyaona ni sita, kesho nirudi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimerudi makumbusho. Mlango ulipofunguliwa tu tukaingia, Mkaguzi akamwimbia mdogo wake sikioni, macho manane, picha, tukatoka. Ndani sijui kuna nini. Nadhani vyungu.

Nyumba ya samaki nayo tumeimaliza. Kengele alikodoleana macho na pweza mpaka pweza akageuka. Mkaguzi akamuuliza mlinzi samaki wanajisaidia wapi. Mlinzi akajibu kwa urefu. Picha nzuri, wifi ameikuza mara tatu, ameipokea.

Baadaye daraja, na hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Miguu inauma, upepo mkali, kigari gurudumu moja limeanza kwenda upande wake. Kituoni, ukutani, kuna tangazo kubwa la lile daraja, limejaa ukuta mzima, hata mawingu yapo. Nikawapanga wangu mbele yake. Baba Watoto akasema hii si haki. Nikamwambia atazame kamera. Ilitoka picha safi kuliko daraja lenyewe.

Wifi akapiga. Akaisifu. Akasema kumbe nimejitahidi, hata nywele hazijapeperuka kwenye upepo wote ule. Halafu, sauti ya asali, akaomba aongee na Mkaguzi, amemkumbuka mtoto wa kaka yake. Akamuuliza daraja lilikuwaje.

Mkaguzi akamwambia shangazi yake kwamba daraja lilikuwa zuri ila mama alimkataza kuliegemea, lisije likachanika.

Wifi alicheka mpaka nikakisikia Kikosi kizima kimekuja kuuliza kuna nini. Sikumgombeza mtoto. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema kweli. Ila nimemweleza kwamba kweli nyingine zinasubiri tufike nyumbani. Akauliza zipi. Nikamwambia alale.

Jumamosi, 10 Agosti

Daraja la kweli asubuhi. Refu, linatikisika kidogo, Baba Watoto akalala kifudifudi kusikiliza nyaya huku watu wanamruka. Macho manane. Bado mnara.

Mnarani foleni saa mbili na nusu kwenye jua. Ukiwa na Kengele, foleni ya saa mbili na nusu ni kilio kimoja na robo. Nikafikiri. Nikamwambia Baba Watoto atoe ovaroli. Nilijua ipo, niliiona chini ya sanduku la vifaa, chini ya nepi. Mpango: apite mlango wa wafanyakazi kama fundi, nasi nyuma yake.

Akasema huo ni uongo. Nikamuuliza yeye si fundi lifti? Ni fundi. Ovaroli si yake? Ni yake. Sasa uongo uko wapi? Akautafuta kwa muda, hakuupata, akavaa.

Mlinzi wa mlango wa nyuma alipomwona akaufungua wote. Akasema mmechelewa sana, tumekungojeni tangu alfajiri.

Kumbe lifti moja kati ya mbili imekwama na fundi wao wa mkataba hajatokea. Mlinzi akaniangalia mimi, mtoto mgongoni, chupa ya uji mkononi, akauliza na huyu. Baba Watoto akafungua mdomo aseme kweli. Nikamkanyaga. Akasema msaidizi. Nikapewa kofia ngumu. Mkaguzi naye akapewa, ikamfunika hadi puani, na kutoka humo ndani akamtangazia mlinzi kwamba mama amesema tusiseme kitu.

Nilidhani atatazama dakika tano kisha tupande na ile nzima. Mimi mjinga. Akaitengeneza iliyokwama, halafu akaenda kuitegea sikio ile nzima. Akabadilika uso. Akamwita mkuu wa mafundi, mama mmoja mtu mzima aliyevaa miwani kwenye kamba, akamwambia breki imelika, yeye hawezi kumpandisha mtu humu, na hata ile aliyoitengeneza haipandi mtu kabla haijajaribiwa tupu. Mama akasikiliza naye. Akakubali.

Wakafunga mnara wote.

Foleni nzima ikageuka kurudi ilikotoka, na ilipita mbele yangu. Nilivua kofia nikaikalia.

Nilitaka kumnyonga. Akaja kwangu mikono myeusi, ananong'ona kama mtoto aliyevunja sahani. Akaniuliza, ningewaacha watu wapande? Wanetu ningewapandisha? Nilimfutia grisi shavuni kwa nepi safi. Huyu ndiye niliyemchagua, na yeye sikumchagua kwa picha.

Saa kumi fundi wao akafika, na hapo ikajulikana wetu ni mtalii. Mama wa mafundi alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza wazo la nani. Kofia tatu zikageukia kwangu, na moja ilikuwa ya Mkaguzi. Akasema kesho saa tano, breki mpya ikishajaribiwa, wa kwanza kupanda ni nyinyi, kabla ya mgeni yeyote.

Wifi nimemwambia ajiandae kisaikolojia. Akauliza kwani imeshafika Jumapili.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kwenye treni. Nianze na raha.

Saa tano kamili tumepanda, sisi na mama wa mafundi tu. Masikio yakaziba, yakazibuka. Baba Watoto njia nzima alifumba macho, anaisikiliza, anatabasamu. Mlango ukafunguka, na mji wote uko chini ya miguu yetu: laini ya kijani kama uzi, daraja kama kichanio, na lile bwawa la jirani dogo kama kifuniko cha chupa. Mkaguzi akaliona yeye kwanza. Akasema mama, bwawa letu.

Hakuna watu. Hakuna kelele. Jua linaingia kwenye vioo, limepoa. Kengele macho kodo, ameshika kioo anapiga gumzo na ndege. Nikapata kibenchi cha kitambaa. Tukajipanga, mimi nimekaa, wao wamenizunguka. Mama wa mafundi akachukua simu yangu akaanza kutafuta pa kubonyeza. Miwani na kamba yake amevisahau chini. Akasema ngoja, mwanangu, ngoja kidogo. Nikangoja. Nikapepesa jicho.

Baba Watoto akanigusa bega. Wageni wa kwanza wameanza kufika, muda wetu umekwisha, treni haingoji. Tukashuka, tukakimbia, tukapanda treni imeshapiga honi. Nilikuwa mwepesi ajabu. Kila kitu kizuri. Hata mtu aliyenikanyaga nilimwomba radhi mimi. Nikampigia wifi kabla sijakaa, nikamwambia aandae magodoro mawili, nikamtumia picha ya mnarani bila hata kuiangalia.

Akajibu kwa maneno mawili: Mama Mkaguzi.

Nikaiangalia. Zipo nne, mama alibonyeza mara nne. Mkaguzi macho wazi. Kengele macho wazi, hayajawahi kuwa wazi hivyo. Baba Watoto wazi. Mimi katikati, kichwa nyuma, mdomo wazi, macho nimefumba. Zote nne. Kumbe nililala dakika arobaini, juu kabisa ya mji, sijashtuka hata Kengele alipolia.

Nikamuuliza Baba Watoto kwa nini hakuniamsha, dau analijua. Akatazama dirishani. Akasema alianza kuninyoshea mkono, halafu akakumbuka kwamba dau lenyewe lilikuwa la usingizi, na usingizi wenyewe ndio huo. Akawakusanya watoto kwenye kioo cha upande wa pili, akawaambia atakayepiga kelele hapandi lifti tena maisha yake. Kengele alipolia alimbembeleza kwa kumtajia sehemu za lifti, moja moja.

Nimemwegemea kutoka kituo cha pili mpaka cha sita.

Basi, nimeshindwa. Macho saba hayapo hata ya kubishania, ni sita. Desemba nina Kikosi. Wanne wa kwake na wawili wangu, siku thelathini na moja, nyumba ya vyumba viwili isiyo na mlango katikati. Wifi ameniandikia kwamba hana kinyongo, na kwamba wa tatu anatembea usingizini.

Nimesoma ujumbe ule mara mbili, nimejifunza. Nimejifunza kwamba picha za hoteli si za kuangalia. Kitu cha kusoma ni malalamiko.

Kwa hiyo nimekuwa nikisoma tangu kituo cha saba. Kuna mji mwingine, upande wa pili, mkubwa kuliko huu, una mnara mrefu zaidi. Nimemwandikia wifi: Desemba hiyohiyo, mimi, Baba Watoto na watoto wote sita, sehemu nane, siku tatu, macho kumi na sita. Nikishinda anachukua wote sita Pasaka nzima. Amekubali kabla sijaweka simu chini. Maskini, hajui.

Hoteli nimeshaipata. Malalamiko kumi na moja, yote yanasema jambo moja: lifti imekufa tangu Mei. Nimeweka nafasi ghorofa ya kumi na nne. Baba Watoto amesinzia, sijamwambia. Sanduku la vifaa nimeliinua polepole kutoka miguuni pake, nikalirudisha chini ya nepi.