Land Rover ya Kijani Kwa Wakwe

Watu wa hii group, mimi niliaibika. Si leo. Ni miaka ya themanini mwanzoni, lakini leo asubuhi nimepita kwa duka la hardware, nikanusa rangi ya mafuta, masikio yakapata moto kama ni jana. Wacha niseme tu. Nimebeba hii aibu peke yangu miaka mingi na mgongo umechoka.

Mnakumbuka zile Land Rover za zamani? Mlango unafungwa kwa kamba, honi inalia ikitaka, na ukifika mlimani abiria wanashuka bila kuambiwa. Baba aliniachia moja. Alikuwa anabebea machungwa mpaka Sultan Hamud, na Jumapili anatupakia sisi sote nyuma tukienda kanisani, mama akiwa mbele ameshika Biblia kwa mkono mmoja na dashibodi kwa ule mwingine. Tukifika tunashuka weupe kwa vumbi, tunapigwapigwa na leso, halafu ndio tunaingia. Niliipenda hiyo gari. Sijui vyuma vyake viko wapi siku hizi, na nikifikiria hivyo nasikia vibaya.

Shida ilikuwa sura. Rangi ya kwanza ilikuwa ya samawati, lakini jua la huku kwetu mnalijua. Mlango wa dereva ulikuwa wa kahawia kwa sababu ulitoka kwa gari nyingine. Boneti ilikuwa bati tupu. Ubavuni kulikuwa na kiraka cha rangi ya dirisha, kazi ya baba mwenyewe. (Alikuwa fundi wa machungwa, si wa magari.)

Na hapo ndipo Mwikali akaingia.

Mimi na Mwikali tulikuwa tumeshaelewana. Kilichobaki ni kupeleka mbuzi za ntheo kwao, upande wa Kitui. Kwetu Ukambani hata mkizaa watoto wa kujaza darasa, bila hizo mbuzi huyo bado si mke wako. Lakini kulikuwa na kijana mwingine anazungukazunguka. Wa Nairobi. Mwenye Peugeot nyeupe.

"Utakuja kwetu na nini?" Mwikali akaniuliza.

"Na gari."

"Gari gani?"

"Kwani nina ngapi?"

Akaiangalia. Akaizunguka pole pole. Akarudi pale alipoanzia.

"Mutua, shangazi anamtaka yule wa Peugeot. Amewaambia wazee wewe unaendesha matambara. Ukija na hii ikiwa hivi, mimi nitasema nini?"

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilimpenda huyo msichana, jamani. Nilimpenda mpaka nikawa napiga pasi shati la kwenda shambani.

Asubuhi moja nikaenda kwa fundi wa kupuliza rangi pale mjini. Akagonga boneti kwa kidole, akanitajia bei. Nikamuuliza kama hiyo bei ni pamoja na gari nyingine. Akaniambia nitoke kwa kivuli chake.

Nikaenda kwa baba mdogo wangu, Mzee Nzioka. Huyu alikuwa amestaafu kutoka reli, na ndiye angekuwa msemaji wangu kwa wakwe. Mtu wa maneno machache na maoni mengi.

"Paka mbele peke yake," akasema. "Ukifika, egesha ikiwaangalia. Nani atakwenda nyuma?"

"Na tukiondoka?"

"Tutaondoka kinyumenyume."

(Niliifikiria. Msinicheke. Niliifikiria siku mbili nzima.)

Mwishowe tukaamua: rangi ya nyumba, kwa brashi, na mkono wetu wenyewe. Tukaenda dukani. Mwenye duka alikuwa na mikebe iliyobonyea ambayo mtu aliagiza akakosa kurudi kuchukua, anaitoa kwa bei ya kutupa. Rangi mbili tu. Waridi na kijani nzito.

"Waridi hapana," Mzee Nzioka akasema. "Tutaonekana tunapeleka keki."

"Na kijani?"

"Kijani ni rangi ya mvua. Hapa Ukambani nani ashawahi kukataa mvua?"

Nikaona hapo mzee amesema ukweli. Nikabeba kijani.

Kazi ikaanza. Nikapiga msasa mpaka vidole vikakosa ngozi. Nikafuta na petroli. Nikapaka mkono wa kwanza, nikapaka wa pili. Nywele za brashi zilibaki humo ndani pamoja na nzi kadhaa, lakini ukisimama mbali kidogo, wueh! Gari ilikuwa gari! Hata mlango wa kahawia ukawa wa nyumbani. Ile furaha, sijui niwaambieje. Niliketi kwa jiwe nikaiangalia mpaka giza likaingia, na nikatamani baba angekuwa hapo aione.

Kulikuwa na rangi nyeupe kidogo imebaki kwa kabati tangu tulipopaka madirisha. Nikasema isiharibike bure. Nikapaka bampa nyeupe.

Sasa nyinyi mliokuwa watu wazima wakati ule mmeshaanza kushika kichwa. Land Rover. Kijani nzito. Bampa nyeupe. Mimi sikuona kitu. Mtu akipenda anakuwa kipofu na hata hajui amefungwa macho.

Jumamosi ikafika. Tukapakia mbuzi nyuma. Mzee Nzioka akatokea amevaa koti lake la kaki la reli, vifungo vya shaba vimesuguliwa vinang'aa, na kofia yake ya kazi. Alisema wakwe lazima waone wameletewa mtu wa maana. Mimi nikavaa miwani ya jua niliyoazima. (Naomba hapa mnihurumie.)

Safari ilikuwa tamu ajabu. Kila mahali tulipopita tulipewa heshima! Mtu wa baiskeli alishuka akasimama wima mpaka tukapita. Wanaume waliokuwa wakichoma makaa karibu na njia walituona wakaingia kichakani wakaacha hata koleo. Mama mmoja aliyekuwa na mtungi kichwani aliumwaga wote, akabaki anatutazama.

"Baba mdogo," nikasema, "hii rangi inafanya kazi."

"Nilikuambia," akasema, akanyoosha kofia.

Kabla sijawafikisha kwa wakwe, kuna jambo mlio wageni lazima mjue. Kwetu, mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Hamsalimiani kwa mkono. Ukimwona anakuja njiani unaingia msituni mpaka apite. Kwa hivyo mama yake Mwikali nilikuwa sijawahi kumwona uso, wala yeye wangu. Nilichojua ni kwamba ni kiongozi wa akina mama kanisani, mtu mkali, na akikohoa kwaya inanyamaza. Baba yake, Mzee Mbithi, alikuwa mzee wa kanisa. Pombe kwao ilikuwa haitajwi.

Na jambo la pili. Serikali wakati huo ilikuwa imepiga marufuku pombe za kienyeji, na Land Rover ya DO, yule afisa wa serikali wa tarafa, ilikuwa ikizunguka vijijini na askari wa kaki kushika watu.

Mnaona inakoelekea? Mimi sikuona.

Tukapanda kile kilima cha mwisho. Boma likaonekana. Wazee wengi wamekaa kivulini, wanatungoja! Nikapiga honi, na siku hiyo, kwa bahati yangu, ikalia vizuri sana.

Nikasikia wanawake wanapiga kelele.

"Vigelegele!" nikamwambia Mzee Nzioka. Nikaongeza moto.

Wazee wakainuka wote pamoja. Nikafikiri wanainuka kutupokea. Aiya! Wakageuka, wakakimbia! Wazee wa heshima, wenye makoti, wanaruka ua la miiba! Kulikuwa na mmoja wa fimbo, anayejulikana kwa ule mguu wake mbaya. Fimbo ilibaki. Mguu ulienda naye vizuri kabisa. Kuku wakatawanyika, mbwa wakatangulia watu, na nilipozima injini boma lilikuwa tupu. Mbuzi wangu peke yao ndio waliokuwa wanaongea.

Halafu nikanusa. Pombe. Uani palikuwa pamelowa pombe ya muratina, imemwagwa, inapotelea mchangani.

"Kuna msiba?" nikauliza.

Mzee Nzioka aliangalia ule mchanga akiwa na huzuni ya kweli. "Uko hapa," akasema.

Nikashuka. Nikapiga hodi kila mlango. Hakuna mtu. Nikazunguka nyuma, nikaona ghala ya mahindi, na ndani yake gunia linatetemeka. Nikafikiri ni kuku ameshikwa mguu. Kwa roho yangu nzuri, nikaingia nikalifunua lile gunia.

Chini yake alikuwa mama mtu mzima, amejikunja, amekumbatia kibuyu.

Tukaangaliana. Yeye akaona miwani. Nyuma yangu mlangoni akaona koti la kaki na vifungo vya shaba. Akapiga magoti. Kwangu!

"Woi, afande! Afande wangu! Mimi ni mtu wa kanisa! Hii si pombe, ni dawa ya ng'ombe!"

Nikainua mikono kumzuia. Akaongeza sauti.

"Afande, ni wazee wa mume wangu walilazimisha, mimi hata sijui kupika! Leo tuna mgeni, msichana wangu analetewa mbuzi, usiniaibishe mbele ya mkwe wangu! Chukua jogoo! Chukua wawili!"

Jamani. Jamani! Ningekuwa na akili ningetoka kinyumenyume nipotee mpaka Mombasa. Badala yake nikavua miwani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa nasari.

"Mama... mimi si afande. Mimi ni Mutua. Nimeleta mbuzi."

Kibuyu kikamponyoka, kikabingirika mpaka kwa kiatu changu.

Mama alivuta leso, akajifunika uso wote. Mzee Nzioka alitoa kofia yake, akaivaa tena, akaenda zake kukaa kwa gari. Na mimi nikabaki nimesimama na gunia mkononi mbele ya mama mkwe, umbali wa pua na pua, yeye amenipigia magoti. Hakuna mila ya kutengeneza kitu kama hicho. Mila ilikuwa haijawahi kufikiria mtu mjinga hivyo.

Wazee walirudi mmoja mmoja, wamechanika, wana miiba mpaka kwa kofia. Yule wa fimbo akaitafuta, akaipata, akaanza kuchechemea upya. Wakaketi. Hakuna pombe. Walikuwa na kiu na walikuwa na hasira.

"Kijana," Mzee Mbithi akaniambia, "ulikuja kutafuta mke ama ulikuja kutafuta kesi?"

"Mke, mzee."

"Na hiyo gari nani alikuambia uipake hivyo?"

Nikamwangalia Mzee Nzioka. Mzee Nzioka alikuwa anaangalia mlima.

Shangazi hakungoja. "Si niliwaambia?" akasema. "Huyu ni mkosi! Yule wa Peugeot hajawahi kurusha mzee kwa miiba!" Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikamwona Mwikali amesimama kando ya jikoni, macho yamejaa machozi. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na mimi nilitaka tu anitazame. Nikajua nimemkosa. Nilijua kabisa. Nikaanza kufikiria vile nitaendesha ile gari kurudi nyumbani na mbuzi zangu, na watu wa njia nzima wakinipa heshima.

Halafu mlango wa nyumba ukafunguka kidogo tu, kama upana wa mkono. Sauti ya mama ikamwita Mwikali. Akaingia. Akakaa huko. Akatoka, akasimama mbele ya wazee, akatazama chini.

"Mama anasema mbuzi zipokelewe."

"Kwa nini?" Shangazi akaruka.

"Anasema mtu aliyeona alichoona huyu," Mwikali akasema, na hapo sauti ikaanza kumtetemeka kwa kicheko, "hawezi kuachwa aende nje. Lazima awe wa nyumbani."

Hakuna aliyebisha. Hata shangazi. Mbuzi zikashushwa, ile nyeupe ikiwa na sikio la kijani kwa sababu rangi ilikuwa bado haijakauka, na wazee wakaniombea kwa maji ya mtungi.

Hivyo ndivyo nilivyooa. Mama alikuja kunipenda sana, tena kwa umbali, akinitumia jogoo kila Krismasi bila maneno yoyote. Mimi nilijua ni wa nini. Na nilikaa kimya miaka hiyo yote, sikumwambia hata pasta. Mwaka jana tulimzika, kwaya ikiimba kwa nguvu zote bila wa kuikoholea, na mimi nikalia kuliko watoto wake.

Mwikali amesoma hii yote juu ya bega langu. Amecheka mpaka amekaa chini. Lakini anasema mama hakuacha ruhusa. Kwa hivyo nyote mliosoma mpaka hapa mmekuwa watu wa nyumbani kwa nguvu, na mtu wa nyumbani hachekei nje.