Nanunua Kiwanja cha Mama Eulalie

Jumatatu, 5 Februari

Nimefika Carriacou! Boti ya kutoka kisiwa kikuu cha Grenada imenikung'uta mpaka nikatapika ndani ya kofia yangu mwenyewe. Kofia nimeitupa baharini. Moyo wangu mweupe.

Kilichonileta: kupeleleza kama kisiwa hiki kinatufaa kuzeekea, mimi na mke wangu Icilma. Yeye anafika Jumamosi. Amesema wazi kwamba nikimwonyesha mahali ambapo ni petu kweli, atafunga mizigo Toronto na tutahamia. Nikibabaisha, tunahamia kwa binti yetu Marva, chumba cha chini ya ardhi, dirisha linatazama magurudumu ya gari. Nimekuwa fundi bomba maisha yangu yote. Nimeshaona vyumba vya chini ya kutosha. Sitaki kufia humo.

Kiwanja nimekwisha kukichagua. Kipo juu ya kilima cha Petit Morne, upepo hauishi, bahari unaiona ukiwa umelala. Anayekitunza ni Mama Eulalie Lendore, mwanamke wa miaka themanini na ushei, macho bado makali kama sindano.

Mpango: watu wa hapa wakinusa mtu wa ng'ambo, bei inapaa. Kwa hiyo mimi si wa Toronto. Mimi ni fundi bomba aliyefilisika kutoka Trinidad. Nimevaa suruali ya viraka na viatu vilivyoachama midomo. Ujanja mtupu!

Na kuna siri, naiandika hapa tu. Baba yangu alikuwa Raphael Lendore, kaka wa huyu huyu Mama Eulalie. Mimi ni mtoto wa nje. Mama alinizaa kwao Gouyave, kule kisiwa kikuu, akanipa jina lake la Prudhomme, akanipeleka Kanada nikiwa mdogo. Baba sikumwona hata kwenye picha. Ukoo ukijua, watasema nimekuja kudai urithi, watanitimua. Afadhali ninunue kama mgeni, nilipe, nikae kwa heshima yangu.

Nimekwenda kumwomba aniuzie. Alinitazama kuanzia viatu hadi masikio, kisha masikio tena. Akasema atafikiri. Wakati anafikiri, mbaazi zake zinataka mtu wa kuzichuma.

Jumanne, 6 Februari

Nimechuma mbaazi. Mgongo sina tena.

Nimepanga kwa Canute Bethel, aliyerudi kutoka Huddersfield, mji wa Waingereza, akajenga ghorofa yenye simba wa saruji getini. Kila saa kumi lazima anywe chai kwenye kikombe chenye maua, jua likiwaka namna gani. Leo nimegundua kuwa naye anakitaka kiwanja! Mwaka mzima anampelekea Mama Eulalie keki. Ua wake wote amempakia rangi, kwa mikono yake. Anajiona kama keshakabidhiwa.

Nikamweka sawa. Nikamnong'oneza kwamba kule kilimani hupita yule jini mwanamke wa kwato, anayewapoteza wanaume mchana kweupe. Canute akaweka kikombe chini. Kumbe badala ya kuogopa alikwenda moja kwa moja kuuliza! Mama Eulalie akatuita wote wawili. Akasema miaka yote aliyoishi hapa hajawahi kukutana na mwanamke huyo, ila kwa vile mgeni wa Trinidad anafahamiana naye, basi aende yeye kuokota kuni huko.

Nikaenda. Mwanamke wa kwato hakuwepo. Nyigu walikuwepo.

Mdomo umevimba kama embe. Jioni nimejadiliana bei kwa ishara za mikono. Mama Eulalie akasema hivi ndivyo ninavyopendeza zaidi kuzungumza naye. Halafu akanipaka mdomo utomvu wa mshubiri, taratibu, kama mtu anayemhudumia mwanawe.  Sikumbuki mara ya mwisho kuhudumiwa vile.

Bei hakuitaja.

Jumatano, 7 Februari

Siku ya Uhuru wa Grenada. Kijiji kizima kimevaa nyekundu, kijani na njano, hata mbuzi mmoja. Chini ya kilima limetengwa sufuria la sikukuu, kubwa la kuogeshea mtoto. Mimi nimewekwa kumenya mashelisheli. Nimejitia fundi nikayatupia juu ya majani ya magimbi. Kelele! Shelisheli huenda chini, majani juu, tui la nazi likauke polepole mpaka libaki mafuta matupu. Nimepangua sufuria zima kwa mikono yangu huku wanawake wamesimama juu yangu wakinisimanga. Mmoja akauliza kama Trinidad watu wanakula mawe.

Wakati wa kupakua, Mama Eulalie amenipa mkia wa nguruwe mnono kuliko yote. Canute kapewa mfupa. Ushindi! Nimemtazama Canute wakati natafuna.

Ndipo nikakutana na pilipili. Machozi, kamasi, kila kitu. Na hapo hapo simu ikalia. Vidole vimejaa mafuta, nikabonyeza vibaya, sauti ya Icilma ikatoka mbele ya Petit Morne yote. Je, nimemeza dawa za presha? Theluji imefunika gari lote. Na pensheni imeingia, nisiwe na wasiwasi.

Nikaizima simu.

Kisha kicheko, cha kutikisa viti. "Mtu wa Trinidad gani analizwa na pilipili?" akauliza Mama Eulalie. "Tulijua tangu juzi, mwanangu. Viatu ni vya maskini, lakini meno ni ya Kanada."

Nilidhani nitafukuzwa. Wakanijazia sahani upya. Mwanamke yule wa mawe akaniletea maji ya ukwaju na kunipiga mgongoni mpaka kikohozi kikaisha. Hakuna aliyenuna. Nimekula nikiwa nimeinamisha kichwa, maana machozi yalikuwa yananitoka na sasa haikuwa pilipili. Watu wema kiasi hiki sikuwa nimewategemea.

Ila sasa bei itapaa tu. Ole wangu.

Alhamisi, 8 Februari

Mpango mpya. Nimekula njama na Canute! Tununue pamoja, tugawane nusu kwa nusu, halafu nimzidi akili baadaye. Kwa jinsi alivyokubali haraka, na yeye anapanga kunizidi akili baadaye.

Tumepanda kilimani kugawana kabla ya kununua. Mimi nataka upande wa upepo. Yeye anataka upande wa upepo. Nikamwambia mtu wa Huddersfield keshapigwa na upepo vya kutosha, awaachie wengine. Akanijibu kwamba mtu wa Toronto anapaswa kukaa kwenye joto ayeyuke barafu. Tulivutana kamba ya kupimia mpaka ikakatika, wote tukakaa chini kwa makalio. Mbuzi wa Mama Eulalie walisimama kututazama.

Naye alikuwa anatutazama, kutoka barazani kwake, anabangua mbaazi. Akatuita. Kesho asubuhi tuje, ukoo wote wa Lendore utakuwepo, na jibu litatolewa.

Ukoo wote! Chakula cha jioni kimenishinda. Icilma amepiga, anauliza kama nimepata pahali. Nimesema mambo yanakwenda vizuri sana.   Akasema tu kwamba Marva amekwisha nunua pazia la dirisha la chini.

Ijumaa, 9 Februari

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikasahau hata neno.

Ukoo ulikuwa umekaa juu ya kilima, kwenye viti vya kanisa. Canute alivaa tai. Mama Eulalie hakuzungusha maneno. Akasema ardhi hii aliiacha babu yao kwa damu yake yote, wa ndani na wa nje, walioko na watakaozaliwa. Haigawanywi. Haijawahi kuuzwa na haitauzwa. Anayeitaka ajenge na kukaa, mradi awe wa damu.

Canute akauliza kwa sauti ndogo kuhusu ule ua aliopaka rangi. Akaambiwa umependeza sana, na keki pia zilikuwa tamu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufa. Nikainuka niondoke. Nikasema asanteni kwa mbaazi.

"Kaa chini, mtoto wa Raphael," akasema.

Nikakaa. Nilikikosa kiti, nikakaa kwenye majani.

Akasema alinijua kwa masikio, siku ya kwanza. Alingoja niseme mwenyewe. Alipoona sisemi, akaona si vibaya mbaazi zichumwe wakati anangoja. Kisha akanishika mkono na kunipeleka ukingoni, palipo na minazi minne imesimama safu moja. Raphael alipanda mmoja kwa kila mtoto. Mitatu ya watoto wa nyumbani. Akagonga shina la wa nne.

"Huu ni wa yule wa Gouyave. Baba yako aliupanda wiki aliyopata habari umezaliwa. Tumekunywa madafu yako zaidi ya miaka sitini, Aloysius. Asante."

Asante! Ananishukuru mimi! Nikaukumbatia ule mti, mtu mzima na viatu vyake vimeachama midomo, nikalia kwa sauti. Nikamwita shangazi. Niliona haya na sikuona haya. Watu niliowakimbia maisha yangu yote walikuwa wananiwekea nafasi. Canute akanipa leso yake, na naye alikuwa analia, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya rangi.

Jumamosi, 10 Februari

Icilma amefika. Hakutapika hata kidogo. Nimempandisha kilimani nikaanza kumweleza kuhusu damu, wa ndani, wa nje. Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama mnazi. Shangazi akamkata dafu, akampa, akamwambia karibu kwako. Icilma akanywa lote, akafuta kidevu, akampigia simu Marva. Akamwambia lile pazia alirudishe dukani.

Ukoo umekubaliana kuja kunisaidia kujenga, kila mtu na nyundo yake, kazi yangu kuwapikia. Sina neno la kutosha. Mungu awape maisha marefu, na Canute pia, ametoa mabati yaliyobaki kwenye ghorofa yake. Shangazi ameniuliza swali moja tu: nyumba naitaka upande gani? Popote, shangazi, nimejibu, popote panatosha. Nilikuwa nasema kweli.

Jumapili, 11 Februari

Nimeamka nikafikiri.

Upande wa upepo ndiko shangazi anakofungia mbuzi wake. Akijua naupenda sana, atanichumisha mbaazi mpaka Pasaka. Lazima niende kwa akili. Canute nimekwisha mpanga: atapita barazani kwa shangazi kama bahati tu, na kusema kwamba Huddersfield mbuzi waliofungwa kwenye upepo walikuwa wanakohoa. Mimi nitapita nyuma yake kidogo, nikichechemea, nikisema daktari wa Toronto aliniagiza hewa ya kilimani kwa ajili ya goti. Kwa malipo, nimemwahidi Canute kuapa mbele ya ukoo kwamba masikio yake yanafanana na ya marehemu baba yangu, ili naye ahesabiwe wa damu.

Nimefanya mazoezi ya kuchechemea kuanzia getini kwa simba hadi jikoni. Nimeamua goti la kushoto.

Icilma ameniona. Anasema shangazi aliuliza jana nataka upande gani, kwa nini nisiende nikamwambia. Masikini Icilma, mke wangu, moyo wa dhahabu. Hawajui kabisa watu wa kwetu.