Turudishieni Ugomvi Wetu

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Ustawi wa Jamii,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi. Mimi ni fundi cherehani, mjane, naishi nyumba moja na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kwa miaka kumi na moja hatukusemezana, na sebuleni tulipiga mstari wa chaki: kochi upande wake, redio upande wangu. Ndipo ukamtuma afisa wako, yule binti mpole, aje kutusuluhisha kila Jumanne. Mwezi uliopita alitupatanisha, akafunga faili letu, akaenda zake. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Hatukuombwa kibali cha kupatana. Tulisaini fomu ya kusuluhishwa tu, tukijua kazi za ofisi huchukua muda. Mimi nilijipanga kwa miaka mitano. Binti akamaliza kwa miezi saba! Haraka ya nini?

2. Alituwekea utaratibu kwamba mwenye mwiko mkononi ndiye asemaye, asiye nao asikilize. Basi nikamsikiliza wifi, na jamani, kumbe ana hoja. Unajua inavyouma kugundua kwamba miaka kumi na moja umemnunia mtu kwa kosa lako mwenyewe? Afisa hakutuonya kuhusu hilo.

3. Tumejitahidi kugombana upya ili faili lifunguliwe, tumeshindwa. Juzi nilimzidishia wifi chumvi kwenye mboga makusudi. Akachukua mwiko, akanieleza kwa upole kwamba ameumia lakini ananielewa. Naye akanifichia miwani, kisha huruma ikamshika, akanisaidia kuitafuta, na akaiona yeye. Mstari wa chaki tumeuchora tena, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Aibu tupu.

4. Kila Jumanne saa nne tunavaa vizuri, tunapanga viti vitatu, tunakaa viwili. Wanangu wakipiga simu huuliza nimeamkaje, na kabla sijajibu wameshaaga. Yule binti alikuwa akiuliza halafu anasubiri jibu. Nimemkumbuka sana, sifichi. Wifi naye analia bafuni, akifungua bomba eti nisisikie.

5. Ugonjwa umesambaa mtaani. Fundi viatu wa mbele yetu na mkewe, watu wanaopendana hadi kero, wameanza mazoezi ya kununiana ili wapewe afisa wetu. Jana nilimwona mke akimfundisha mumewe jinsi ya kubamiza mlango. Wakifaulu, nitakulaumu wewe.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: ama utufungulie faili, ama ututumie afisa asiyejua kazi, atugombanishe vizuri, kisha yule wa kwanza aje kurekebisha, ama umpe binti barua ya onyo kali kwa kosa la kumaliza kazi, na adhabu yake iwe sisi, mpaka atakapostaafu.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata karani wa mapokezi aliyeniambia nirudi nikiwa na tatizo.

Wako katika amani nisiyoitaka,

Fundi cherehani, kwa niaba ya wifi pia, ambaye kwa bahati mbaya anakubaliana na kila neno.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha nikasikia hodi mlangoni. Ni yeye! Yuko likizo, hana fomu wala kalamu, eti alikuwa anapita tu. Ndugu Mkuu, kwetu hakupitiki, ndipo barabara inapoishia. Amevua viatu, amejinyoosha kwenye kochi, anatuhadithia habari za mama yake. Anasema tungekuwa na faili angeruhusiwa kukaa saa moja tu, tena kwa kazi. Sasa hivi mimi na wifi tumegombana, ugomvi wa kweli, wa kurushiana sufuria, kuhusu nani ampikie. Nakusihi, mtu yeyote akija kuripoti kelele, msimsikilize. Na lile faili, kama mnaweza, lichomeni moto.